Mchoro wa Njia ya Vihingo

Vijana wa kituo cha Kibaha, siku ya kuniaga mlinipa saa ya ukutani na mkaniomba niandike ninayoyakumbuka kuhusu kazi, yasije yakapotea. Saa inatembea vizuri, asanteni. Kuandika ndiko kulikonichelewesha, maana kila nikikaa mezani hapa Tangini kalamu inakimbilia jambo moja ambalo sikutaka mlijue. Nimeona bora nianzie mwanzo, nilifikie jambo lenyewe taratibu. Vyeo na mishahara sitavigusa. Wenye kumbukumbu nzuri ya hayo wako idara ya utumishi.

Niliripoti kazini nikiwa kijana wa Marui, nimevaa viatu vya shemeji yangu vilivyonizidi namba mbili. Aliyenipokea ni Mzee Mfinanga, Mpare mfupi, fundi mkuu wa nyaya, mtu mchache wa maneno. Alinitazama miguuni kabla ya usoni. "Nguzo haipandwi kwa viatu vya kuazima," akasema. "Vua." Nikapanda peku nguzo ya nyuma ya kituo. Nilipofika katikati upepo ulivuma, nikaikumbatia kwa mikono na miguu, nikafumba macho. Mzee Mfinanga akaniita kutoka chini: "Shomari, unaipanda au unaiposa?" Mafundi wote walicheka, na kwa mwaka mzima nikaitwa Bwana Harusi.

Tulikuwa wanagenzi wawili, mimi na Hamisi. Kifaa cha heshima enzi hizo kilikuwa simu ya fundi: mkono mzito wa simu wenye nyaya mbili na vibanio, ambao unaubana kwenye laini yoyote na kusikiliza. Laini mbovu ina sauti yake. Iliyoingia maji inakoroma, iliyolegea inakatakata, iliyoibwa iko kimya kabisa. Mzee Mfinanga alimpa Hamisi kuibeba simu hiyo kwa sababu, alisema, Hamisi ana sikio. Iliniuma, na sisemi iliniuma kidogo. Nilimfichia Hamisi koleo lake siku tatu, na aliposemwa kwa uzembe nilisikia raha hadi tumboni. Mzee Mfinanga alilikuta kwenye mfuko wangu. Hakunifokea. "Kazi utaijua," aliniambia, "lakini una roho ya kwa nini. Itazame hiyo." Niliitikia ndiyo mzee, kama mnavyoniitikia ninyi huku mnaangalia simu.

Na kazi kweli niliijua. Kulikuwa na mwalimu mmoja mstaafu hapa Tangini ambaye simu yake ilikufa kila siku. Alilalamika miezi. Kila asubuhi fundi alikwenda, akapima, akakuta laini nzima, akaandika "hakuna tatizo," akaondoka. Mwalimu akaanza kuonekana mgonjwa wa akili. Zamu yangu ilipofika nilimuuliza swali moja tu: inakufa saa ngapi? Saa nane mchana, akasema. Basi nikaenda saa nane mchana. Kisanduku cha nyaya kilikuwa kimefungwa chini ya bati, na jua lilipowaka chuma kilitanuka na kiungio kikaachia. Jioni kikipoa kilirudi chenyewe. Nilikibadilisha kwa dakika kumi. Mafundi sita kabla yangu walikwenda asubuhi kwa kuwa asubuhi kuna ubaridi. Jifunzeni hapo: nendeni saa ya tatizo, si saa ya kujipendelea.

Lakini fundi huyu aliyesifiwa Kibaha nzima, kwao hakukuwa na simu. Dada yangu Mwajuma, aliyebaki Marui na shamba la wazazi, alikuwa akitaka kuongea na mwanawe wa Morogoro anapanda juu ya kichuguu nyuma ya zahanati, ananyanyua mkono, na wenzake wanapanga foleni chini wakisubiri zamu. Vihingo hata kichuguu hakikusaidia. Nikienda kusalimia, watu walinipokea kwa maneno yale yale: "Karibu fundi simu usiye na simu." Nilicheka nao, kwa sababu ukikasirika unazidishiwa. Moyoni niliapa kwamba mkongo wa mawasiliano utakaofika Vihingo nitaulaza mimi, na siku hiyo wataniita kwa jina langu.

Nikatumia likizo zangu. Nilichukua gurudumu la kupimia, lile la mpini mrefu linalohesabu hatua za njia, nikalisukuma kutoka Kisarawe mjini hadi Marui na kutoka Marui hadi Vihingo, mashamba, vichaka na yote. Nilipeleka mchoro makao makuu. Jibu likarudi: eneo halina wateja wa kutosha. Nikangoja bosi abadilike, nikaupeleka tena. Jibu lile lile, sahihi tofauti. Mara ya tatu hawakujibu kabisa, wakanitumia kalenda ya mwaka mpya.

Wakati huo kampuni ndogo za mtandao zilikuwa wapangaji wetu. Nyaya zetu, nguzo zetu, visanduku vyetu. Wao walinunua huduma kwetu kwa jumla na kuiuza rejareja. Mteja wao akikatikiwa, hawakuruhusiwa hata kufungua kisanduku. Walipiga simu kituoni, wakaja kusimama mlangoni na mashati yao yenye nembo, wakasubiri. Mimi niliwasubirisha. Nilimaliza chai, nikatafuta ufunguo ambao ulikuwa mfukoni, nikauliza kama wamejaza fomu, nikawaambia si hiyo, kuna nyingine. Mpangaji hapigi msumari ukutani bila kumuuliza mwenye nyumba, na mimi nilijiona mwenye nyumba ingawa nilikuwa mwajiriwa kama wao. Nilipenda sana siku hizo. Najua si vizuri kusema.

Ndipo akaja Kabula. Alitoka chuo cha ufundi, binti wa Kisukuma ambaye baba yake alishuka na ng'ombe kutoka Kanda ya Ziwa hadi maporini Kisarawe alipokuwa bado mdogo. Mzaramo na Msukuma ni watani tangu enzi za babu zetu, kwa hiyo hatukuhitaji kuzoeana. Siku ya kwanza alinisalimia shikamoo kwa magoti karibu yaguse sakafu, nikaitikia marahaba, akanyanyuka na kusema, "Mzee, nimeambiwa Mzaramo akisikia ngoma anashuka nguzoni na kuiacha kazi. Ni kweli?" Nikamwambia sisi angalau tunashuka, Msukuma anapanda nguzo na ng'ombe wake. Kuanzia hapo ilikuwa hivyo kutwa. Wageni waliotusikia walidhani tunagombana.

Nilimfundisha kila kitu. Nilimfundisha kusikiliza, kupanda, kumvumilia mteja mwenye maneno mengi. Nyuzi za kioo zilipoingia badala ya shaba, nilikuwa nimeshavaa miwani na vidole vyangu vimezoea vitu vinene. Uzi wa kioo ni mwembamba kama unywele. Mimi nilikuwa nikiukata mara tatu kabla haujakaa sawa kwenye mashine ya kuungia. Kabula aliukata mara moja. Siku moja nilihesabu viungio vyake na vyangu mwisho wa kazi, nikakuta amenizidi mara mbili, na vyake vyote vimepita kipimo. Nilimsifu mbele ya watu. Nikirudi nyumbani nilimwambia mke wangu kwamba mtoto yule ana haraka, atakuja kuharibu. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, nikasema, nikasubiri aharibu. Hakuharibu.

Nilimwonyesha na mchoro wa Vihingo, siku ya mvua tulipokuwa hatuna kazi. Alinisikiliza hadi mwisho bila utani. "Mzee," akasema, "hii njia lazima ijengwe." Ilikuwa mara ya kwanza mtu wa kazini kuniambia hivyo.

Baadaye ikatoka ruhusa. Kampuni ndogo nazo zijenge miundombinu yao wenyewe: zichimbe mitaro, zisimike nguzo, zilaze mkongo, zisingoje tena mlangoni kwetu. Kituoni tulicheka. Tulisema wataishia Maili Moja, watachoka, watarudi na fomu zao. Sikuchelewa kuwaona barabarani. Gari jipya, makoti ya rangi ya machungwa, viatu vya kila mtu namba yake. Mashine yao ya kuunga nyuzi ingeingia kwenye kikapu cha sokoni. Yetu tuliibeba watu wawili tukipeana pole. Nilisimama na baiskeli yangu nikijidai nafunga tairi, nikawatazama robo saa. Nilitaka wakosee kitu. Walichimba mtaro umenyooka, wakafukia, wakafagia.

Mwezi uliofuata Kabula aliacha kazi akaenda kwenye kampuni hiyo ya makoti ya machungwa. Alikuja kuniaga na soda mbili. Nilimwambia kila la heri, nikaiacha soda mezani ikaisha gesi. Muda si mrefu na mimi nikastaafu, na nyinyi mkanipa saa.

Sasa jambo lenyewe. Ilikuwa kiangazi, nami nimekaa barazani, gari la rangi ya machungwa likasimama nje. Kabula akashuka na kilo mbili za sukari na khanga ya mke wangu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mtani. Ng'ombe umewaacha wapi?"

"Wamekataa kuja, wanasema kwa Mzaramo hakuna majani, kuna minazi tu." Akakaa. Akanywa maji. Kisha uso wake ukawa wa kazi. "Mzee, kampuni imekubali. Tunajenga kutoka Marui hadi Vihingo. Wamenipa mimi kusimamia. Nikasema siwezi kuanza bila mchoro wako."

Ningependa kuwaambia kwamba nilifurahi. Watu wangu wangepata mtandao, Mwajuma angeshuka kwenye kichuguu, njia yangu ingejengwa. Nilichokisikia ni uchungu. Miaka yote niliyoomba, nikakataliwa na watu wenye majengo ya ghorofa. Na huyu, kampuni yenye magari mawili imempa kwa kuomba mara moja. Kwetu. Kwa watu wangu. Wangempigia vigelegele yeye, Msukuma wa juzi, na mimi wangeniita fundi usiye na simu hadi kaburini.

"Ngoja nikuchoree upya," nikasema. "Ule wa zamani umechakaa."

Kutoka Marui kwenda Vihingo kuna njia mbili. Moja inazunguka mgongoni, kwenye ardhi ya juu, ni ndefu na ina mawe. Nyingine inakata bonde la Kwa Binti Seif, fupi, imenyooka, udongo laini unaochimbika kwa jembe. Kiangazi bonde lile linavutia mtu yeyote mwenye kipimo mkononi. Masika yakija, maji hupita pale kwa nguvu na kuondoka na kila kilichosimama. Mimi nilichagua mgongoni, na sababu niliijua. Siku hiyo niliingia chumbani, nikatoka na karatasi mpya, na njia niliyoichora ilikuwa ya bondeni. Ya mgongoni sikuiweka hata kwa nukta.

Kabula aliitazama karatasi muda. "Hapa maji hayapiti?"

"Pako salama," nikasema.

"Basi asante sana, mzee wangu," akasema, akaikunja vizuri na kuitia kifuani. Mke wangu akamfungia embe za kwenda nazo.

Nilikuwa na raha kiangazi chote kilichobaki. Nilijiambia nguzo zitaanguka, kampuni itajifunza, watu watasema afadhali Shomari hakujenga kuliko huyu aliyejenga vibaya. Kisha masika yakaingia na raha ikaisha. Mvua ilinyesha wiki nzima. Nilianza kuwaza kwamba nguzo haianguki peke yake. Mara nyingi kuna fundi juu yake. Udongo ukilowa, nguzo huinama polepole, na aliye juu hajui mpaka imekwenda. Mimi mwenyewe ndiye niliyemfundisha Kabula kupanda kwanza kabla ya kumtuma mwingine. Nilishika simu kumpigia, nikaiweka. Nikaishika tena. Ningemwambia nini? Nilimwona akiwa chini ya maji na mkanda wake umefungwa nguzoni, na bado, Mungu anisamehe, kulikuwa na kipande cha roho yangu kilichotaka kusikia kwamba kazi imeharibika. Mtu aharibikiwe, asife. Ndivyo nilivyokuwa naomba.

Siku ya nane niliondoka. Nilipanda gari hadi Kisarawe, nikachukua bodaboda hadi Marui, matope hadi magotini. Nilipita kwa Mwajuma. Alikuwa ukumbini, simu imeegemezwa kwenye chupa ya chai, na ndani yake naona uso wa mwanawe wa Morogoro akicheka. "Kaka!" akasema. "Tumeunganishwa juzi! Yule binti wa Kisukuma, Mungu ambariki, wewe ulituletea maneno miaka yote, yeye kaleta waya." Nikamuuliza waya umepita wapi. Akanionyesha juu, mgongoni.

Nikamfuata Kabula na wenzake kwa miguu. Nguzo zilikuwa zimesimama kwenye mawe, moja baada ya nyingine, pale pale nilipolisukuma gurudumu langu. Chini kushoto bonde lilikuwa limejaa, maji ya kahawia yanavuma. Karibu na Vihingo nikawakuta mafundi sita na Kabula, wanapumzika chini ya turubai.

"Shikamoo mzee! Umekuja na mvua yote hii?"

"Marahaba. Nguzo mbona ziko huku?"

Akacheka kwa upole. "Si ulipitiwa, mzee. Mimi nimekua nyuma ya ng'ombe. Nilifika pale bondeni nikaona takataka zimenasa matawini, juu kuliko kichwa changu. Nikajua maji yanapita. Nikasema mzee wangu kasahau tu, miaka mingi, nikapandisha njia mgongoni." Akawageukia wenzake. "Jamani, huyu ndiye aliyenifundisha kazi. Ndiye aliyeipima njia hii kabla yetu sote." Akafungua ramani kwenye kishikwambi chake akanionyesha. Mstari wote, kutoka Marui hadi Vihingo, ulikuwa umeandikwa: Njia ya Shomari.

Jina langu, kwenye mkongo, kwetu. Ndicho nilichokitaka maisha yangu yote, na nilishindwa kukitazama.

"Kabula," nikasema, "sikusahau. Bonde nalijua. Nilikuchorea kule makusudi, uharibikiwe. Nilikuonea wivu."

Kabula akanitazama, kisha akainama akashika magoti na kucheka hadi machozi. "Mnamsikia mtani wangu?" akasema. "Mzaramo yuko radhi aitwe mchawi kuliko aitwe mzee!"

Wote wakaangua kicheko. Nikaapa. Nikasema wallahi ni kweli. Nilivyozidi kuapa ndivyo walivyozidi kucheka, na mmoja akaniuliza kama wivu huo nimeurithi kwa mama au kwa baba. Kicheko kilipopungua Kabula akanishika mkono, akanivuta pembeni, na sauti yake haikuwa ya utani tena. "Usijali, mzee," akasema polepole. "Hata baba yangu siku hizi anasahau. Si aibu." Akaniletea kiti, akanifungulia soda, akanifunika mabega na koti lake la rangi ya machungwa. Nikakaa. Nikanywa.

Tangu hapo habari imefika hadi kituoni. Mnapokuja kunitembelea mnapaza sauti, mnaniuliza kama nimekula, na kijana mmoja juzi alinikumbusha jina la mke wangu. Mnafanya kwa wema, na wema huo siustahili. Kwa hiyo naandika, na naomba nakala moja apelekewe Kabula, aisome akiwa peke yake mahali ambapo hakuna wa kucheka naye.

Bonde la Kwa Binti Seif nililivuka wakati wa masika, katika likizo zile za kupima njia, nikiwa peke yangu. Maji yalianzia vifundoni, katikati yakanifika kifuani, gurudumu nimelibeba kichwani. Mguu uliteleza mara mbili. Mara ya pili nilishika mzizi wa mkuyu na nikatamka shahada, nikijua nimefika mwisho wangu. Nilipotoka ng'ambo nilikaa kwenye matope, nikatoa daftari kwenye mfuko wa nailoni, nikaandika chini ya mchoro kwa herufi kubwa: NGUZO ZISIPITE HAPA, MTU ATAKUFA. Siku ile Kabula anakunywa maji barazani kwangu, nilikuwa chumbani na daftari hilo wazi mbele yangu. Nilinakili ukurasa wote, nikauacha mstari huo.